Duara Jekundu, Sehemu ya Tisa: Mto au Msiba

Tulimwacha Sindano, mwandishi wa ukurasa wa mastaa, amesimama mlangoni pa chumba namba saba, wadi ya wazazi, mkononi ana mfuko wa soksi ndogo za buluu. Kitandani amelala wifi yake, mwigizaji ambaye nchi nzima inamwita Bi Harusi kwa sababu kwenye tamthilia nne ameolewa mara nne. Shuka limenyooka kama meza. Tumbo ambalo magazeti yamelizungushia duara jekundu kwa miezi mitano, halipo.

Na Bi Harusi amesema, "Wifi, funga mlango. Kuna jambo gazeti lako halijui."

Haya, mlango umefungwa.

"Mtoto yuko wapi?" Sindano aliuliza.

"Alizaliwa juzi alfajiri. Hakulia."

Sindano aliketi kwenye kiti cha wageni. Kwa miaka kumi na moja amekula kwa maneno yake mwenyewe. Leo alisema lile ambalo kila mtu husema.

"Pole, wifi. Pole sana."

"Nimeshapoa," Bi Harusi alijibu kwa mazoea tu, maana alikuwa hajapoa hata kidogo. "Anayejua ni daktari, nesi wa zamu, na sasa wewe."

"Na Baharia?"

Baharia ni mume wa Bi Harusi na mdogo wake Sindano wa toka nitoke, fundi wa mitambo kwenye meli ya mizigo. Miezi miwili yuko majini. Mtandao wa meli wanapewa saa moja kwa siku, tena wa kukatikakatika.

"Meli yake inatia nanga Jumamosi ijayo," Bi Harusi alisema. "Nataka alisikie hili kwa mdomo wangu, akiwa ameketi, nimemshika mkono. Daktari amekubali kututunzia mtoto mpaka siku hiyo. Baba yake amshike hata mara moja, halafu tumzike. Nisaidie siku saba, wifi. Magazeti yasijue kwa siku saba. Sitakuomba kitu kingine mpaka naingia kaburini."

"Na Mama je?"

"Mama unamjua."

Sindano anamjua mama yake. Siri kwa Mama ni maji kwenye chujio. Ukimwambia saa moja, saa mbili mwenye duka anakupa pole.

"Nakuapia," Sindano alisema. "Siku saba."

"Kuna lingine." Bi Harusi alikuwa anaangalia dari. "Kwamba mtoto ni wa kiume, niliwaambia watu wawili tu. Mume wangu na wewe. Baada ya siku nne nikasoma gazetini: chanzo cha karibu na familia kimethibitisha ni dume. Nilidhani ni yule nesi wa kliniki. Nikamnunia, nikamsema kwa mkubwa wake, mtoto wa watu akahamishwa."

Sindano alizitazama soksi.

"Ndiyo maana nimekwambia ufunge mlango," Bi Harusi alisema. "Sikutaka wa nje wasikie nikikwambia kwamba najua ni wewe."

"Wifi, naomba..."

"Ngoja nimalize. Uliandika pia kwamba kliniki naenda kila Jumanne. Jumanne iliyofuata wamejaa getini na kamera. Mmoja akaniambia nigeuke ubavu, tumbo lionekane vizuri. Nikaacha kwenda. Wiki tatu sikwenda. Daktari anasema presha yangu ilipanda kwenye hizo wiki tatu."

"Anasema ndiyo sababu?"

"Anasema huenda. Huenda si neno lenu? Mnaliandika kila wiki."

Wasomaji wangu, kuna kofi la mkono na kofi la mdomo. La mkono shavu linasahau. Sindano alikaa na hilo la pili, na hakuwa na pa kulipeleka.

"Sasa kwa nini unanieleza mimi?" aliuliza. "Kwa nini uniamini?"

"Sikuamini. Ila sina mtu mwingine ndani ya gazeti."

Sindano alitoka. Mfuko wa soksi alisahau kuuacha, akaondoka nao.

Alipofika kwenye ngazi za hospitali ndipo akakumbuka ukurasa wake wa kesho.

Nyie mnaonisoma kila wiki mnaujua ule mchezo wao, Bashiri Tumbo. Picha ya Bi Harusi, duara jekundu, na kuponi ya kukata: andika siku atakayojifungua na uzito wa mtoto, ujishindie jokofu. Msiangalie pembeni. Nani kati yenu hajawahi kulisogeza gazeti karibu na macho alikague lile duara? Wengine mmeshaikata hiyo kuponi, na mkasi mmerudisha kabatini.

Kuponi ya kesho Jumapili ilikuwa na kichwa cha habari kilichoandikwa na Sindano mwenyewe: DUME LA NGUVU, HUENDA LIKAJA MAPEMA.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana. Kurasa zinafungwa saa kumi na mbili.

Chumba chao cha habari kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Meza kumi na nne, feni mbili, moja haizunguki tangu gazeti libadilishe nembo. Mhariri wao wanamwita Mkasi kwa jinsi anavyokata habari za watu. Wana utani wao pale: gazeti letu lina Sindano na lina Mkasi, uzi wa kushonea ndio hatuna.

Sindano alimwendea moja kwa moja.

"Bosi, ukurasa wangu wa kesho usiende."

Mkasi aliacha kutafuna kalamu. "Kwa nini?"

"Umepooza. Hauna jipya. Nina kingine nitaandika haraka."

"Umepooza," Mkasi alirudia polepole. "Miaka kumi na moja, binti, hujawahi kuniambia kazi yako imepooza. Mimi ndiye huwa nakwambia, na wewe huwa unanuna. Kaa hapo."

Hapo ndipo alipokosea. Mtu wa benki angekosea kwingine, mwalimu kwingine, lakini kosa hili ni la wanahabari wenyewe. Kwao, anayeomba habari isiende ameshaonyesha habari ilipo. Sindano mwenyewe amewanasa wenzake kwa mtego huo mara chungu nzima. Leo kauingiza mguu wake, tena akiukimbilia.

"Halafu huo ukurasa umo kwenye nyongeza, zile kurasa za ndani za rangi," Mkasi aliendelea. "Nyongeza ilichapwa Alhamisi, kama kila wiki, umesahau? Mafurushi ya mikoani yameshaondoka. Hata ningetaka nisingeweza. Sasa niambie, wifi yako ana nini?"

"Hana kitu."

"Ni kweli hana kitu. Angalia."

Aligeuza kioo cha kompyuta. Picha ya simu, imepigwa kwa kuibia. Koridoni, mwanamke wa gauni la hospitali, mkono mmoja ukutani, anatembea kwa kujikokota. Uso unaonekana. Tumbo ni bapa.

"Imeingia saa saba," Mkasi alisema. "Imepigwa jana. Jumapili iliyopita kwenye uzinduzi alikuwa na tumbo la miezi saba, tumelichapa sisi wenyewe. Hapo koridoni hana tumbo, na mtoto hajatangazwa. Na wewe," akaunyooshea kidole mfuko wa Sindano, "ulikwenda kumwona na zawadi, umerudi nayo."

Sindano aliziweka soksi nyuma ya mgongo, kana kwamba bado kulikuwa na cha kuficha.

"Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama muda wote alikuwa anavaa mto, ama mtoto amekufa. Lipi?"

"Ni wifi yangu, bosi."

"Ndiyo maana nakuuliza kwa upole."

"Tusiandike lolote. Siku saba tu. Baada ya hapo nitakupa yote, kwa mdomo wake mwenyewe."

Mkasi alishusha pumzi. Sitaki mmchukie sana. Ana mabinti watatu, na kila mmoja alipozaliwa alilia kama mtoto. Lakini alikuwa na ukurasa wa kwanza mtupu na saa mbili na nusu za kuujaza.

"Hii picha haikuja kwangu peke yangu," alisema. "Wale wa gazeti la ng'ambo ya barabara wanayo. Wao wataandika mto, sina shaka, nimeshasikia. Nikikaa kimya kesho naonekana mjinga aliyedanganywa na mwandishi wake. Kama ni mto, naandika mto. Kama ni msiba, niambie msiba, tutaandika kwa heshima. Herufi ndogo. Duara hatuchori."

Meza ya pili, msanifu wa kurasa aliinua kichwa. "Duara nimeshachora, bosi. Nilifute?"

Mkasi alimpungia mkono asubiri.

"Mpigie," Mkasi alimwambia Sindano. "Saa kumi na moja na nusu nataka jibu."

Sindano alikwenda kupigia simu kwenye chumba cha magazeti ya zamani. Huko kurasa zimefungwa kwa kamba, mwaka kwa mwaka, mpaka dari. Nusu ya zile za rangi ni zake. Kulikuwa na yule mwimbaji aliyeandikwa kanasa mimba kumbe kanenepa, akaacha kupanda jukwaani. Kulikuwa na yule mtangazaji ambaye baba wa mtoto wake alijadiliwa wiki tisa mfululizo. Sindano aliketi juu ya furushi, kwa kuwa kiti hakikuwepo.

Simu iliita mara moja tu.

"Wameshajua," Bi Harusi alisema, kabla hajasalimiwa.

"Wana picha. Ulipokuwa unatembea koridoni."

"Nilikuwa natoka kumwona mtoto wangu. Nilitembea hatua arobaini. Kumbe kuna mtu alikuwa ananihesabia."

"Wifi, wananiambia nichague. Waandike msiba, au waandike kwamba ulikuwa unavaa mto. Kunyamaza wamekataa. Nimeomba, nimekataliwa. Nisamehe." Machozi yalimtoka Sindano, na hakuyafuta. "Wakiandika msiba watakuonea huruma, angalau hiyo. Wakiandika mto umekwisha. Kazi, jina, kila kitu. Hakuna atakayekuangalia tena bila kucheka. Naona bora tuseme ukweli."

Upande wa pili kilisikika kitoroli cha dawa kikipita, magurudumu yake yakilia.

"Andika mto," Bi Harusi alisema.

"Nini?"

"Ukiandika amekufa, mume wangu atasoma. Wenzake watamwonyesha kwenye ile saa yao ya mtandao. Atakuwa peke yake katikati ya maji, wiki nzima, hana pa kwenda. Lakini ukiandika mto atacheka. Alilala ameweka mkono hapa kila siku kabla hajasafiri. Alikuwa anasema huyu atakuwa mcheza mpira. Dunia nzima iamini mto, yeye hawezi kuamini."

"Na wewe je?"

"Mimi waniite mwongo. Mimi wamezoea kunichorea. Mtoto wangu wasimchoree kitu."

"Wifi..."

"Uliniapia. Siku saba. Andika mto, na uandike vizuri, kama unavyoandikaga."

Simu ikakatwa.

Sindano aliandika kwa dakika ishirini. Nasikitika kuwaambia kwamba ilikuwa kazi nzuri. Kichwa cha habari: MIMBA YA MTO. Aya ya kwanza ilisema huenda nchi nzima imechezewa tamthilia ya tano bila kukata tiketi. Mkasi aliisoma akiwa amesimama, hakuondoa hata neno moja.

"Una hakika ni mto?"

"Nina hakika."

"Basi jina lako litakaa juu. Wewe ni wifi yake, nani atabisha?"

Hilo Sindano hakuwa amelifikiria. Ukurasa ukaenda na jina lake.

Jumapili gazeti liliisha mapema kuliko mkate. Saluni watu walikuwa wanasomeana kwa sauti. Duka moja la magodoro liliweka mto dirishani na karatasi: Hongera, Mama Kijacho. Waliokuwa wanamlilia Bi Harusi kwenye tamthilia walimcheka mpaka wakashika mbavu. Na ndani ya gazeti hilohilo, ukurasa wa kumi na sita, kulikuwa na tumbo, duara, DUME LA NGUVU na kuponi ya kujishindia jokofu. Kuna waliocheka, wakaikata hivyohivyo na kuituma.

Sindano hakutoka chumbani. Kwenye kalenda ya ukutani alipiga mstari juu ya Jumapili. Zimebaki sita, alijisemea. Akirudi mdogo wangu, wifi atamwambia, watamzika mtoto wao, halafu mimi nitakwenda kuwapigia magoti wote wawili na kuandika ukweli, hata kama ndilo neno langu la mwisho gazetini.

Saa tatu asubuhi simu iliita. Mama.

Mnapaswa kumjua huyu mama. Tangu siku binti yake aanze kazi, hajawahi kukosa gazeti hata siku moja. Habari zote za Sindano amezikata na kuziweka kwenye faili la plastiki, na wageni huonyeshwa kabla ya kukaribishwa maji. Majirani wakimwambia magazeti yanadanganya, huwajibu: labda hayo mengine, hili anaandika mwanangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa nzito. "Nimesoma."

"Ndiyo, Mama."

"Nimefuma sweta tatu mimi. Mke wa mwanangu amekaa kwenye hicho kiti anaangalia nikifuma, ananiambia mikono iwe mirefu kidogo, mtoto atakua haraka. Kumbe tumboni kaweka mto?"

Sindano alifumba macho.

"Mama, hayo ni mambo ya magazeti."

"Usinizungushe. Gazeti ni wewe. Lakini leo sitaki la kwenye karatasi, nataka la mdomo wako. Nimekuzaa, hujawahi kunidanganya usoni. Ni kweli au si kweli?"

Angeweza kusema si kweli. Lakini hapo Mama angeuliza mtoto yuko wapi, na kufikia adhuhuri mtaa mzima ungekuwa umetandika mikeka ya msiba. Alitazama kalenda. Siku sita. Baharia hawezi kuamini, atacheka, wifi mwenyewe kasema.

"Ni kweli, Mama," alisema. "Ulikuwa mto."

Mama hakulia wala hakufoka. Alipozungumza tena, hakuwa anazungumza na Sindano.

"Umesikia mwenyewe, baba?"

Sindano alifumbua macho. "Mama, unaongea na nani?"

"Na mdogo wako. Simu nimeiweka sauti kubwa. Meli yao imetia nanga jana jioni, bandari moja wameiruka. Kaja hapa alfajiri kuchukua sweta, anataka akamshtukize mkewe. Nimemwonyesha gazeti, akacheka mpaka akamwaga chai. Kasema, Mama, mpigie Dada, atakwambia ni upuuzi."

Sindano aliinuka, kalenda ikaanguka.

Kikombe kiliwekwa mezani. Kisha ikaja sauti ya mwanamume ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa anacheka.

"Dada," Baharia alisema. "Nilikuwa naweka mkono pale. Kama ni mto, nani alikuwa ananipiga teke?"